Siku Tuliyolima Uwanja

Mtu asije kwangu kuniambia kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Nimeyasikia hayo kanisani, nimeyasikia kliniki, nimeyasikia kwenye mikutano ya wazazi, na kila mara anayeyasema amekaa kitini. Juzi mhubiri wetu alizilaani simu kwa nusu saa nzima, akasema ndizo zilizowalaza watoto kwenye makochi. Washirika wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilishika mkoba wangu mpaka vidole vikauma, kwa sababu nilijua jambo ambalo nusu ya wale waliosema amina walilijua pia. Simu haikushika jembe. Tuliolishika ni sisi.

Kwetu Kilungu, ukiangusha chungwa mlangoni, utaliokota kwa jirani wa chini. Nyumba tumezichongea mlimani, mashamba tumeyakata ngazi ngazi kwa matuta, na hata chooni ukienda unapanda au unateremka. Tambarare ilikuwa moja tu, uwanja wa shule ya msingi, nayo haikuja yenyewe. Mama yangu na wenzake ndio walioisawazisha kwa mwethya, mimi nikiwa mgongoni. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaolima pamoja kwa zamu, leo kwangu, Alhamisi ijayo kwako. Mwenye zamu ndiye anayesema kazi ni ipi, na wengine huja na majembe yao, wakalima, wakala muthokoi wa mahindi na maharagwe, wakaenda. Mama alipenda kusema kwamba walichimba kiangazi kizima mpaka mlima ukakubali kulala. Hakuna aliyewalipa, na hawakupanda hata mche mmoja pale. Walisema watoto wanahitaji mahali pa kukimbilia.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na uwanja ule ulikuwa wake. Mchezo wake ulikuwa kati: wawili wanasimama huku na huku wakirusha mpira wa matambara, na walio katikati wanaukwepa. Ukigongwa, unatoka. Yeye hagongwi. Nilikuwa nikipita na mzigo wa majani ya nepia ya ng'ombe mgongoni, nasimama ukingoni kujifanya napumzika, kumbe namtazama. Anapinda kiuno, mpira unapita. Anaruka, mpira unapita chini. Halafu anawatolea ulimi. Jioni nilimkaripia kwa sketi iliyochanika, na nilipokuwa nikiishona nilitabasamu peke yangu. Mwalimu wa michezo aliiona miguu ile pia, akamwandika kwa mbio za mita mia nane, akaniambia mtoto huyu akiachwa akimbie, atafika mbali. Nilishika maneno hayo kama mtu anayeshika stakabadhi. Akiachwa akimbie.

Mwaka huohuo nilikwenda Kitui kumwona kaka yangu. Anaishi nyumba za kupanga, nzuri tu, na ua wake wote umetiwa saruji, magari yameujaza. Ukutani mtu ameandika kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kucheza mpira. Watoto wa kaka waliletwa na gari la shule hadi langoni, wakapanda ngazi kumi na mbili, wakakaa. Hawakuinuka mpaka wakati wa kulala. Mdogo aliniuliza kitu kimoja tu.

"Aunty, huko kwenu kuna Wi-Fi?"

Nikamwambia kwetu kuna kilima. Nikamsimanga kaka yangu mbele ya mkewe, nikasema unafuga watoto kama kuku wa gredi, njoo milimani uone watoto wanavyokimbia. Alicheka kwa kuniheshimu tu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, nikaisimulia hadithi hiyo kila nilipokwenda. Nyani haoni kundule.

Kikao cha wazazi kiliitwa baada ya mvua kubwa. Maji yalikuwa yamechimba korongo kwenye pembe ya chini ya uwanja, korongo la kuweza kumficha mbuzi. Korongo hilo lingezibwa kwa mawe na nyasi, wiki moja tu, watu kumi. Nasema hivyo leo. Siku ile sikusema. Mwenyekiti wa wazazi, mtu mwenye miti mingi ya avokado kuliko sisi wote, alisimama akaangalia nje kupitia dirisha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona uwanja.

"Hii ground imelala tu," alisema. "Mvua inakula udongo na sisi tunaangalia. Kwani sisi si Wakamba? Mnaachaje shamba ilale?"

Kwa mtu wa kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Shamba lililolala ni aibu ya ukoo. Mtu akipita akaona umeacha kipande hakina mbaazi wala mtama, ataanza kuuliza kama mko wagonjwa. Kikao kizima kikajikunjakunja. Mwalimu mkuu akaongeza kwamba tukipanda avokado pale, zikianza kuzaa shule itapata pesa za madawati. Madawati! Ninapolikumbuka neno hilo, damu hunichemka. Tuling'oa mahali pa kukimbilia ili watoto wapate mahali zaidi pa kukalia, na katika ukumbi uliojaa watu wazima hakuna aliyecheka. Tuliulizwa nani anaunga mkono. Mkono wangu ulipanda pamoja na mingine.

Na haikuishia hapo, kwa sababu mimi ndiye mpimaji wa mwethya wetu. Kabla ya kuchimba tuta, watu wawili hushika kamba kwenye miti miwili, na katikati ya kamba huning'inizwa kipimo cha maji, kile kichupa chenye kipovu. Unasogeza mti wako juu au chini mpaka kipovu kikae katikati, ndipo unajua mstari wa tuta upite wapi. Kazi hiyo nilifunzwa na mama, na ninaipenda. Siku ile ya Jumamosi nilishika kamba upande mmoja, mwenyekiti upande mwingine, tukasimama kwenye duara la katikati ya uwanja. Kipovu kikaenda katikati, kikatulia. Tukasogea hatua kumi. Kikatulia. Tukasogea tena. Kikatulia palepale.

"Na hapa tunapima nini?" nikauliza. "Si ni flat?"

"Pima tu, mama," akasema. "Shamba bila matuta watu watatucheka."

Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na wenzangu wakacheka, kisha tukachora mistari tukaanza kuchimba matuta mahali ambapo mama zetu walitoka jasho kupasawazisha. Chombo kilikuwa mkononi mwangu kikiniambia wazi kwamba ardhi ile haihitaji tuta. Kingekuwa na mdomo kingenitukana. Lakini mikono yetu inajua kazi moja tu ikiona udongo, na tulilima siku nzima kwa furaha, tukiimba, tukitaniana, watu wazima wenye miaka hamsini na sitini wakirusha udongo kama vijana. Watoto wetu walikuwa madarasani kwa masomo ya ziada ya Jumamosi. Waliketi. Niliona vichwa dirishani nikavipungia mkono.

Miche ilipandwa, na baada ya miche zikaja kanuni. Atakayevunja mche mmoja ataleta miwili. Hakuna kukimbia karibu na matuta, na kwa vile matuta yalikuwa kila mahali, maana yake ilikuwa hakuna kukimbia. Njia ya mkato iliyopita uwanjani ilifungwa kwa miiba, hivyo watoto wa upande wetu wakatakiwa kuzunguka barabarani, penye malori ya mchanga. Sisi wazazi tukaogopa malori, tukatafuta bodaboda, wanne juu ya pikipiki moja, asubuhi na jioni. Mtoto aliyekuwa akipanda na kushuka mlima mara mbili kwa siku sasa alibebwa kama gunia la mbaazi.

Nilipita pale wakati wa mapumziko wiki ya pili. Nilizoea kusikia kelele kutoka mbali, na sasa sikusikia kitu, nikadhani wamefunga shule. Walikuwepo. Walikuwa barazani, migongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Binti yangu alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Alikuwa akichezea uzi wa soksi yake.

Jioni alianza kuniomba simu. Nilimpa. Nani alimpa? Mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu ilimtuliza nikipika, na sketi hazikuchanika tena. Nilisema hata moyoni kwamba mtoto amekua, ametulia. Mwaka mzima sikushona sketi, na mimi mjinga nikaona ni baraka.

Siku moja niliokota daftari lake mezani. Kwenye somo la michezo alikuwa amechora uwanja wa mpira kwa rula, umepakwa rangi ya kijani, mistari yote na vipimo vyake vimeandikwa vizuri. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vyema na kuandika kumi kwa kumi. Niliuliza kipindi cha michezo kinafanywa wapi siku hizi. Akaniambia, "Kwa class, Mami. Tunachora." Nilifunga daftari, nikaliweka nilipolitoa. Hasira ilianza siku hiyo, ila haikujua imwendee nani.

Mashindano ya shule yalikuja muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, chini kule karibu na barabara ya Mombasa, kwenye uwanja wa shule ya bondeni. Jina la binti yangu lilikuwa bado kwenye orodha ya mita mia nane. Nilivaa kitenge kizuri. Nilibeba maji na ndizi. Mita mia nane ni mizunguko miwili, na kwenye mzunguko wa kwanza alikuwa wa nne, nikapiga kelele mpaka sauti ikakwama. Kwenye wa pili miguu ilianza kwenda upande. Akashika kiuno. Akatembea. Kisha akatoka kwenye mstari mbele ya watu wote, akakaa chini kwenye nyasi, akaweka kichwa katikati ya magoti. Wasichana wa bondeni walimpita mmoja mmoja. Mzazi mmoja kando yangu akasema, si kwa ubaya, "Hawa wa milimani siku hizi wamekuwa wazembe kweli." Nilimwangalia huyo mama mpaka akahama.

Bodaboda zote zilikuwa zimejaa, tukapanda kwa miguu. Mlima ule alikuwa akiupanda akiimba tangu akiwa chekechea. Sasa tulisimama mara nne. Mara ya nne, kwenye jiwe la kupumzikia wabeba mizigo, aliketi akihema, jasho limemtoka mpaka kwenye kope, na mimi nikafungua mdomo nikasema yale yale ya mhubiri. Nikasema ni simu. Nikasema ni uvivu, nikiwa rika lako nilipanda hapa na mtungi wa maji.

Aliniacha nimalize. Watoto wetu wana adabu, hilo sitawanyima.

"Mami," akasema, "si ni wewe ulikuwa umeshika kamba? Tulikuwa tunawaona kwa dirisha. Tuta ya kwanza ilipita pale tulikuwa tunachezea kati. Wasichana wote waliniangalia."

Hakulia, wala hakuinua sauti. Afadhali angenipigia kelele. Aliinuka akaendelea kupanda polepole, na mimi nikabaki kwenye jiwe na maganda ya ndizi mkononi, mpimaji mashuhuri wa mwethya. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi janga langu lilikuwa limeliwa na mtoto peke yake.

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele. Nilisema kila kitu, na sikusema polepole. Alinisikiliza, akazungusha kalamu.

"Mama, wewe siku ile uliinua mkono?"

"Niliinua."

"Basi tungojee matunda. Hii ni project ya wazazi, siwezi kung'oa mimi."

Nilimwendea mwenyekiti. Naye akaniambia huwezi kung'oa mti wa mwaka mmoja, ni laana. Nilizunguka kwa wazazi nyumba kwa nyumba, wakanipa chai, wakakubali kwamba ni kweli watoto wanachoka ovyo siku hizi, kisha wakaniuliza kama nimejaribu kuwaficha simu. Tunatunza udongo usishuke mtoni, tunatunza mche wa avokado kwa kivuli cha majani ya migomba, tunaujua kwa majani yake ukiwa na kiu. Mwili wa mtoto tunaona utajitunza.

Ikabaki njia moja, zamu yangu ya mwethya. Siku ya zamu yako wanachama hawakatai kazi, na asiyekuja hutozwa faini ya kuku. Mwenyekiti yumo kwenye kikundi. Walikuja wote, watu kumi na saba, na majembe na masururu. Nikawapeleka chini ya nyumba, penye matuta mawili mapana kuliko yote niliyorithi, ambayo mama aliyachimba na ambayo watu wa kilimo waliwahi kuleta wageni kuyapiga picha.

"Bomoeni ukingo huu wa katikati," nikasema. "Haya mawili yawe moja. Palale kabisa."

Mtu akakohoa.

"Aiya! Unataka kujenga?"

"Hapana."

"Utapanda nini sasa?"

"Sipandi kitu."

Mama mmoja wa rika la marehemu mama yangu akatupa jembe chini. Akasema kwa Kikamba kwamba mama angeniona leo angelia. Nikamjibu, kwa heshima lakini meno yakiwa yamebana, kwamba mama alisawazisha uwanja wa shule nikiwa mgongoni mwake, na yeye huyu huyu alikuwa kando yake, na mwaka jana sote wawili tulirudi kuuharibu. Akaliokota jembe lake. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupiga ule ukingo.

Mwenyekiti alilima kimya siku nzima. Nilitoa kamba na kipimo, nikamwita binti yangu kutoka ndani ashike upande wa pili. Alikuja akiburuta ndala. Sikumwambia ni ya nini. Tulipima mara nyingi, na wakati wa uji wa alasiri kipovu kilikaa katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Aliangalia kile kichupa, akaniangalia, akarudi ndani.

Kipande chenyewe ni hatua ishirini na nane kwa kumi na tisa. Mpira ukitoka upande wa chini, utaufuata hadi kwa jirani. Si uwanja, na sidanganyi mtu kwamba ni uwanja. Jumamosi iliyofuata niliwaambia watoto wa majirani waje, nikashona mpira wa matambara, nikaufunga kwa kamba ya katani. Walikuja kumi na mmoja. Binti yangu alikuja wa mwisho.

Wakakaa.

Walikaa kwenye ukingo wa tuta la juu, wamepangana, migongo kwenye udongo, miguu mbele, vilevile kama barazani. Hakuna aliyewaambia wakae. Mmoja akaniuliza, "Tuanze kuchora?" Nilikuwa nimeamini kwamba ukirudisha ardhi watoto watairukia kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Nilitaka kulia, halafu nikataka kumpiga mtu, na aliyestahili kupigwa nilikuwa mimi.

Nikafunga leso kiunoni, nikavua viatu. Nikasimama katikati ya kile kipande, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye magoti mabovu, mbele ya watoto kumi na mmoja na majirani wawili waliokuwa wakichungulia kutoka njiani. Nikamrushia binti yangu mpira. Ulimgonga kifuani, ukamwangukia mapajani. Akautazama.

"Nipate basi," nikamwambia. "Kama unaweza."

Alikaa kidogo. Halafu akainuka, akajipangusa sketi, akasogea mpaka mwisho wa tambarare. Nilipinda kiuno nikijua mtoto atamwonea mama yake huruma. Hakunionea. Mpira ulikuja kwa nguvu zote za mwaka mzima wa kukaa, ukanipiga chini ya mbavu, pumzi ikanitoka, nikaenda chini kwa magoti kwenye udongo wa mama yangu. Watoto wote walisimama.

Nilipoinua macho, alikuwa akihema, mikono kiunoni, na hakuwa akicheka.

"Uko out, Mami," akasema. "Toka kati. Mwingine aingie."